Mwaka wa Mwisho wa Ng'ombe wa Elsa

Karin alipiga simu Jumapili mchana, mimi na Wanjiru tukiwa tumekaa jikoni kwangu Jakobsberg, nje kidogo ya Stockholm, tukisubiri pilau iive. Alisema mama yake, Elsa, amefariki asubuhi ile usingizini, na kwamba atazikwa kijijini kwake Småland, kusini mwa Sweden, karibu na mumewe. Nilimpa pole kwa Kiswidi, lugha yenye pole fupi sana, na nilipoweka simu chini nilihisi bado sijasema kitu. Wanjiru ni Mkenya, muuguzi mstaafu anayekaa Husby, na kwa miaka mingi tumeliliana ndugu waliokufa mbali. Alipunguza moto bila kuniuliza. Kisha akauliza, maana ndivyo alivyo: "Pole sana, dada. Lakini huyo mama alikuwa nani wako hasa?" Nikamwambia nilikaa kwake mwaka mmoja zamani, nikifanya kazi ya shamba. "Wewe? Shamba?" Akaitazama mikono yangu. "Na hata hayo maua yako ni mimi huyapea maji." Nikacheka, na kicheko ndicho kilichonifungulia njia ya kulia. Niliyomsimulia tukila ndiyo haya, ila hapa nimeyapa nafasi zaidi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka miwili chuo kikuu hapa Stockholm, nikisomea uchumi wa kilimo, na nilikuwa nimeanza kuwachosha watu. Mhadhiri akisema mkulima mdogo lazima atoweke, nilitaka kujua hiyo lazima imetoka wapi. Wenzangu kutoka nyumbani wakisema vijiji vya ujamaa vitawaokoa wakulima, niliuliza kama hao wanaookolewa wameulizwa. Msikitini nilikuwa nimeacha kwenda, kanisani sikuwahi kwenda, na kwenye mikutano ya wanafunzi wanamapinduzi nilikaa nyuma kabisa karibu na mlango. Mwishowe mwalimu wangu mmoja, kwa upole uliochanganyika na hamu ya kupumzika, akanishauri nikaishi mwaka mzima na wakulima kabla ya kuuliza swali jingine. Alikuwa anawafahamu Gunnar na Elsa, wakulima wa makamo wa Småland wenye binti mmoja, Karin, aliyekuwa akifanya kazi mjini. Stockholm watu walitamka "kule kusini" kama sisi Tanga tulivyotamka Newala, kwa huruma ya mtu ambaye hajafika. Nilipanda treni mwezi wa Aprili nikiwa na koti la kuazima na vitabu ambavyo, nikisema kweli, sikuvifungua hata kimoja.

Nikifumba macho napaona jikoni kabla ya nyumba yenyewe. Palikuwa na jiko la kuni lililofunikwa vigae vyeupe kwa ubavuni, benchi refu la mbao lililofunguka likawa kitanda changu, meza yenye kitambaa cha plastiki, na dirisha lililotazama banda la ng'ombe, ili hata ukinywa supu usiwasahau. Kila kitu kilifanyika humo. Ndani zaidi kulikuwa na chumba kingine, kikubwa na kizuri, chenye viti vya mahameli na picha za marehemu, ambacho kilikuwa baridi kama kaburi na mlango wake ulifungwa mwaka mzima. Wiki ya kwanza nilimuuliza Elsa kwa nini chumba bora cha nyumba hakina mtu. Akasema ni cha watu wakija. Nikamwambia watu wanakuja kila siku. "Hao wanakuja jikoni," akajibu, akaendelea kumenya viazi, na kwa maoni yake hoja ilikuwa imekwisha. Nilitaka kuendelea, kisha nikakumbuka makabati ya vioo ya Tanga, yamejaa vikombe vilivyotiwa rangi ya dhahabu ambavyo hakuna aliyewahi kuvinywea. Nikachukua kisu, nikamsaidia viazi.

Wakati ule, watu wa rika lao kule walizungumza na mtu kana kwamba hayupo. Hawakusema "wewe" kwa mtu wa kuheshimiwa. Walitaja jina lake mbele yake. Hivyo Gunnar alikaa mkabala nami, macho ya buluu yametulia, na kuuliza hewa: "Rehema amelala vizuri?" Ilinichukua muda kuacha kugeuka nyuma kumtafuta huyo Rehema mwingine. Alikuwa mtu mrefu mwenye maneno machache, lakini machache hayo aliyanoa kwanza. Elsa alipopika madonge yao ya viazi yanayojazwa nyama ya nguruwe, yangu aliyajaza uyoga bila kunitangazia. Gunnar aliyatazama madonge yangu, akayatazama yake. "Rehema anasema haamini kitu chochote," akasema. "Basi nguruwe amemkosea nini?" Nikakata donge langu la uyoga, nikala.

Jambo nililochelewa kujifunza ni namna yao ya kukubali chakula. Mgeni alisimama mlangoni, kofia mkononi, akisema hakuja kukaa. Akiambiwa aingie, alisogea hatua mbili. Akikaribishwa kahawa alikataa, akakaribishwa tena akakataa tena, akisema amekunywa nyumbani, asisumbue watu, na ni kwa kubembelezwa mara ya tatu ndipo alipoketi na kula kama aliyetoka safari. Mtu aliyekubali mara ya kwanza alikuwa mlafi. Mimi nililelewa tofauti: kwetu ukikaribishwa, unanawa. Siku moja Elsa akiwa bandani alikuja Hilding, jirani wa upande wa kilima, mseja mwenye masikio makubwa na hadithi nyingi. Nikamkaribisha kahawa. Akasema hapana, asante, hana haja. Nikasema haya, nikarudisha birika juu ya jiko, nikaendelea na kazi yangu. Alisimama pale mlangoni muda mrefu sana, akiitazama birika, kisha akaondoka. Jioni kijiji kizima kilikuwa na habari. "Ameniamini," Hilding aliwaambia watu, kwa sauti ya mtu aliyeona muujiza. "Nimesema sitaki, na yule binti akaniamini." Elsa alicheka hadi akashika ukingo wa meza, na tangu siku hiyo Hilding alipokuja alianza kwa kunitazama mimi na kusema, "Leo nakataa, lakini kwa adabu tu."

Ardhi ya kule huzaa mawe. Ukiyatoa mwaka huu, barafu ya chini itayasukuma mengine juu mwaka ujao, na mababu zao walikuwa wamepanga kuta za mawe zinazopita hadi ndani ya misitu, zikizunguka mashamba ambayo siku hizi ni misonobari mitupu. Nilitoa mawe, nikapanda viazi, nikatundika majani ya ng'ombe kwenye fito yakauke. Lakini kazi iliyoshika nyumba yote mkononi ilikuwa ng'ombe. Walikuwa tisa, na Elsa ndiye aliyekuwa na ng'ombe, ingawa watu walisema ni wa Gunnar. Alikamua alfajiri na jioni, aliwaita kwa majina, aliwakaripia kama watoto wa shule. Asubuhi madumu ya maziwa yalikokotwa hadi kwenye jukwaa dogo la mbao kando ya barabara, yakachukuliwe na lori la kiwanda. Jukwaa lile ndilo lililokuwa baraza la kijiji. Watu wa nyumba tano walikutana pale, wakaegemea madumu, wakazungumza habari za mvua, za nani ameonekana na nani, na miezi ile ya kiangazi, za lori lenyewe.

Kiwanda kilikuwa kimesema hakitachukua tena maziwa ya madumu. Lori jipya lingekuwa na tangi, likinyonya maziwa kwa mpira kutoka kwenye tangi la baridi la mkulima, na asiyekuwa na tangi hilo na chumba chake basi hana mteja. Kwa wenye mashamba makubwa ilikuwa habari ya kawaida. Kwa mwenye ng'ombe tisa lilikuwa swali la kufa au kupona: akope ajenge, au auze ng'ombe wote na abaki na viazi na msitu. Niliusikia mjadala huo kila jioni nikiwa nimelala kwenye benchi langu, kwa sababu zaidi ya jikoni hapakuwa na pengine pa kuzungumzia. Elsa alitaka kujenga. Alisema anaweza kukamua miaka kumi mingine, kwamba mama yake alikamua hadi uzeeni, kwamba nyumba bila ng'ombe ni hoteli. Gunnar alijibu mara chache, na kila alipojibu Elsa alikuwa na jibu jingine tayari, bora kuliko lake. Elsa alikuwa mwerevu kuliko sisi wote. Gunnar alimaliza kwa kuvua viatu na kusema, "Tutaona."

Mimi, bila shaka, nilikuwa na ushauri. Pale jukwaani niliwauliza kwa nini nyumba tano zisijenge banda moja na kununua tangi moja. Walinitazama kwa upole. Hilding akauliza kama kwetu watu wanalima pamoja. "Tunaambiwa tulime," nikasema. "Aha," akasema Hilding, "na sisi tunaambiwa tuache." Kila mtu akacheka isipokuwa mimi, kwa sababu nilikuwa nimekwenda kule nikidhani nchi mbili zile hazina cha kufanana, na hapo nikaona katika pande zote mbili mtu mwenye kalamu akimpangia mwenye jembe mahali pa kusimama. Gunnar aliuliza swali moja tu kuhusu banda langu la pamoja: ng'ombe wa nani watakamuliwa kwanza? Ningeweza kuandika kurasa nyingi juu ya swali hilo, na baadaye niliandika, na watu wakanipa shahada. Bado nadhani swali lilikuwa zuri kuliko kurasa.

Mwezi wa tisa tulikuwa tunavuna viazi, mimi na Gunnar, migongo imeinama, Elsa akiwa amekwenda kuwahi ng'ombe. Gunnar akasema, bila kuinuka: "Elsa anafunga kitambaa cha kichwa kwa mkono mmoja. Rehema ameona?" Nilikuwa nimeona. Tangu majira ya kukausha majani, mkono wake wa kulia ulikuwa hauvuki bega. Madumu aliyasukuma kwa goti, na asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda akiusugua kabla ya kuvaa. Nikasema amwambie aende kwa daktari. Gunnar akasema ameshakwenda, na daktari amemwambia aache kukamua, na Elsa amemwambia daktari aache kuvuta sigara. Akatupa kiazi kwenye kikapu. "Rehema asimuulize," akasema. Hilo ndilo swali pekee mwaka ule ambalo niliombwa nisiliulize, na sikuliuliza.

Nyumba zile tano zilialikana kwa zamu, desturi ya tangu babu zao. Si harusi, si sikukuu ya dini. Ni zamu tu, kila nyumba na majira yake, na zamu ya Elsa ilikuja baada ya viazi. Kwa siku hizo chache nyumba ilipinduliwa. Chumba kile baridi kilifunguliwa, moto ukawashwa humo tangu mchana ili viti vikumbuke joto, na Elsa akatengeneza ostkaka. Ni keki, lakini usifikirie keki. Ni maziwa mabichi ya ng'ombe wa nyumbani, ndoo kwa ndoo, yanayogandishwa kwa dawa itokanayo na tumbo la ndama, kisha yanachanganywa na mayai, malai na lozi zilizosagwa, na kuokwa polepole katika sufuria pana ya shaba. Huliwa ya vuguvugu, kwa jamu. Maziwa ya dukani hayafai, alisema Elsa. Yameshapikwa kabla hujayapika. Alikoroga kwa mkono wa kushoto na akanikataza kumsaidia.

Wageni walikuja wamevaa nguo nyeusi za kanisani, wakasimama ukumbini kila mmoja akimsukuma mwenzake atangulie. Chumba kile kizuri kilipojaa watu, nilielewa kidogo kwa nini kinafungwa: kila mtu humo alikuwa mrefu kuliko alivyokuwa jikoni. Tulikula samaki, tukala nyama na viazi, kila sahani ikikataliwa kwanza. Kisha Elsa akaileta ostkaka na kuiweka katikati ya meza ndani ya sufuria yake, rangi ya dhahabu juu, na badala ya kumwita mkubwa wa waalikwa akaniita mimi. "Rehema aanze." Nilikuwa nimekwisha jifunza. Nikakataa. Akanibembeleza, nikakataa, nikasema wapo wenye heshima kuliko mimi, na Hilding akanong'ona kwa fahari kwamba huyu sasa ni mtu wa Småland. Mara ya tatu nikainuka, nikachukua kijiko kikubwa, nikachota kipande kizuri kutoka ukingoni, upande ulionielekea.

Watu wote wakageuka kutazama kijiko changu. Kwetu, sinia ni mfano wa dunia: unakula mbele yako. Mkono wa mtoto unaovuka kwenda katikati hupigwa kofi, maana baraka hushuka katikati, na katikati huachwa mpaka mwisho. Mama angeniona angejivunia. Lakini kwao ostkaka huanziwa katikati. Wazee wao waliogopa ukingo uliogusa shaba, wakidhani umepata sumu. Kijiko cha kwanza huingia moyoni mwa keki, mgeni wa heshima ndiye hukiingiza, na ukingo haupewi mgeni kamwe. Ukingo ni wa wenye nyumba, huliwa kesho yake jikoni pamoja na makombo. Hakuna aliyewahi kuniambia, kwa sababu hakuna aelezaye jambo ambalo kila mtu analijua. Nilisimama na sahani yangu, nikijua nimekosea na sijui wapi. Elsa alikuwa mlangoni na birika, mdomo umeanza kufunguka ili aniokoe.

Gunnar alimtangulia. Aliinuka, mwenyeji, ambaye desturi ilimtaka ale mwisho, akaja akasimama kando yangu na kuchota ukingoni, palepale nilipoishia. "Rehema ameanza vizuri," akasema. "Mwaka huu tuanzie pembeni." Akaitazama sahani yake. "Ng'ombe wanaondoka mwezi ujao. Nimeshaongea na watu. Wadogo watakwenda shamba la bondeni, na wakubwa, basi."

Hilding hakuwa na mzaha. Kisha yeye akainuka, bila kubembelezwa hata mara moja, akachota pembeni baada ya Gunnar, na wengine wakafuata mmoja mmoja, kama watu wanaotia udongo kaburini, wakizunguka sufuria, kila mmoja akichukua sehemu ya wenye nyumba. Ilipomalizika duru, katikati ilibaki nzima, duara kama kisiwa. Elsa alikuwa bado mlangoni.

"Ungeniambia jikoni," akamwambia mumewe.

"Jikoni ungenishinda," Gunnar akasema.

Nimeyafikiria majibu mengi ambayo mwanamke angeweza kutoa pale, na mengine nimeyatumia mimi mwenyewe katika ndoa yangu. Elsa aliweka birika chini. Katika karamu zake zote hakuna aliyewahi kumwona ameketi. Alivuta kiti, akaketi mezani kwake mwenyewe kati ya Hilding na mke wa jirani, akavuta sufuria ya shaba mbele yake kwa mkono wa kushoto, akala katikati yote, polepole, kwa kijiko kile kikubwa cha kugawia. Hakulia. Tulimtazama kama watu wanavyotazama mtu akisali. Alipomaliza akapangusa mdomo, akawauliza wageni kama hawatakunywa kahawa, na watu wakajibu kwa pamoja kwamba watakunywa.

Hapa ndipo watu wa umri wangu tunapopenda kuhuzunika, na nimehuzunika sana juu ya ng'ombe wale, hasa nikiwa kwenye treni ya asubuhi niliyoipanda miaka mingi kwenda ofisini, nikipita majengo ambayo zamani yalikuwa malisho. Nimeandika na kufundisha kwamba mashamba madogo yaliuawa, na sijabadili mawazo. Lakini mimi ni mtu wa kuuliza, na huzuni yangu nayo lazima niiulize inamlilia nani. Elsa alikuwa hajalala nje ya nyumba ile tangu alipoolewa, kwa sababu ng'ombe hawasubiri. Masika yaliyofuata alikuja Stockholm kwa mara ya kwanza maishani, na tangu hapo alikuja kila mwaka, akazunguka mji mzima kwa miguu, akawauliza watu wa dukani maswali ambayo hata mimi ningeona haya kuyauliza.

Lori lilikuja asubuhi moja ya Novemba. Elsa aliwapandisha mwenyewe, mmoja mmoja, akiwakaripia kwa majina, na lilipoondoka akaingia akasugua sakafu ya banda mpaka jioni ingawa hakuna atakayeikanyaga. Kesho yake niliamka saa ileile ya siku zote, nikavaa nguo za kazi gizani kwa mazoea, na nikamkuta Gunnar amekaa mezani, naye amevaa, mikono juu ya kitambaa cha plastiki. Mlango wa chumba chao ulikuwa wazi kidogo. Nilielekea huko kumwamsha Elsa, na Gunnar akainua kiganja. "Rehema amwache," akasema.

Tukakaa. Aliwasha moto kwa uangalifu, akiweka kuni moja moja ili zisigongane. Kulipambazuka, jambo ambalo kule mwezi huo huchukua muda mrefu, kwanza kijivu, kisha kuta za mawe zikaonekana, kisha banda likiwa limefungwa. Jua lilikuwa limeshafika kwenye dirisha Elsa alipotokea mlangoni, miguu mitupu, nywele zimefunguka mabegani, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Uso ulikuwa na alama za mto.

"Nani amekamua?" akauliza.

Alisimama, na nikaona jibu likimjia lenyewe, likipita usoni kwake kutoka juu hadi chini. Akautazama mwanga dirishani, akaitazama saa ya ukutani, akatutazama sisi wawili tuliovaa kwa kazi isiyokuwepo.

"Nimelala," akasema, kama mtu anayeleta habari za jirani.

"Elsa amelala," Gunnar akasema, na akamsogezea kiti.